Tuliposhua Karai la Dada

Dada yangu mkubwa ana mdomo, na tangu utoto wangu mdomo huo umekuwa juu yangu. Nimezaliwa nyuma yake sana, kwa hiyo sikulelewa na mama peke yake. Nililelewa na wawili, na mkali alikuwa yeye. Akiita, unaitika "Abee!" papo hapo. Ukichelewa utaulizwa masikio umeyasahau wapi, na hutapewa nafasi ya kujibu. Leo mimi ni mtu mzima, nina wanangu, nina cherehani na wateja wangu hapa Jomvu Kuu, na bado akiita naitika vile vile.

Basi sukari ikamla mguu. Daktari alitumia maneno mengi, lakini jambo lenyewe lilikuwa moja: kidonda cha kidole kilipanda, na mguu wa kulia ukakatwa chini kidogo ya goti. Akarudi nyumbani na magongo. Mumewe, yaani shemeji yangu, mtu mwema lakini hajui kunyamaza, akawa anapokea kila mgeni mlangoni kwa kisa kizima cha hospitali, mpaka siku moja dada akamwambia mbele ya watu, "Bwana, mguu ulikuwa wangu. Hebu niachie nisimulie mwenyewe."

Nyumba zetu zimegawana ua. Miezi ya mwanzo aliniita kutwa. Nipe maji. Nitolee mto huu. Njoo mfukuze huyu paka. Njoo umuone mtangazaji wa taarifa alivyovaa leo, mama yangu, kama pazia! Naacha kitambaa chini ya sindano, "Abee!", naenda huku nanung'unika. Wallahi nilichoka. Sitaki kujipamba hapa nikajifanya malaika.

Halafu akaacha kuita, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nieleze ilivyokuwa. Kabla ya mguu, dada alikuwa mtu wa chaza. Maji yakianza kupwa anaingia kwenye mtumbwi wake, anavuka ule mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba zetu, anajipenyeza kwenye mikoko na kubandua chaza mizizini kwa kipande chake cha chuma. Hakuna aliyemshinda. Watu walikuwa wakisema chaza wa fulani, wakimaanisha yeye, na wanangojea wa kwake hata kama wengine wamekwisha fika. Mguu ulipopona, shemeji akambeba mgongoni, akapita naye kwenye matope na kumweka mtumbwini. Lakini kwenye mtumbwi wetu hukai kama kwenye kiti. Unapiga magoti, au unachuchumaa, na miguu yote miwili ndiyo inayokushika usiyumbe. Dada alijaribu kupiga goti na kile kipande cha mguu kilichobaki, akalala chali ndani ya maji machafu ya mtumbwi, kanga yote juu. Hakulia. Hakumtukana mtu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema tu, "Nirudisheni." Wiki ile ile binamu akapewa mtumbwi.

Tangu hapo akawa anakaa baraza ya nyuma, macho kwenye maji, kimya. Nilikuwa najizulia sababu. Naacha kazi, naenda mpaka barazani, "Abee, dada?" Naye ananitazama. "Nani kakuita?" "Nilidhani umeniita." "Sijakuita." Basi. Narudi kushona nguo za watu na machozi yanadondoka kwenye pindo.

Siku moja walipita majini watu wa matembezi, wageni na kiongozi wao, kila mmoja kwenye kidau cha plastiki cha rangi, wamekaa kitako na miguu wameinyoosha mbele. Nilikuwa namletea dada uji. Akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza katika siku zile kusema jambo ambalo hakuulizwa:

"Wale hawatumii miguu."

Lo! Nilikwenda mbio kwenye simu. Kwenye video nikajua chombo kile kinaitwa kayaki, nikamkuta mzungu mmoja mwenye kofia pana anaeleza jinsi mtu anayeanza anavyochagua. Sikuelewa yote, lakini niliokota nilichoweza. Kuna kayaki nyembamba, ndefu, ya kuingia ndani kiunoni. Hiyo inakimbia, lakini ikiudhika inapinduka. Na kuna pana, ya kukaa juu. Hiyo ni nzito kwa mwendo lakini imetulia. Anayeanza achukue pana. Nikamweleza dada.

"Anayeanza nani?" akauliza.

"Wewe, dada."

"Mimi! Mimi nilikuwa majini huyo mzungu wako hajajua kutambaa!"

"Majini kwa mtumbwi. Kwa hii, utaniwia radhi, huijui hata mbele yake ni wapi."

Nilingoja nirushiwe gongo. Akavuta pumzi, akatazama maji. "Haya," akasema. "Naanza." Watu hawajui neno lile lilivyomgharimu. Kuna mabingwa wa kuhesabika walio tayari kurudi darasa la kwanza, na dada yangu alirudi akiwa na mvi na mguu mmoja. Mimi nisingeweza. Nasema kweli, nisingeweza.

Tukasikia kuna mtu Mtopanga anauza vifaa vya hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa. Tukaenda na pikapu ya kukodi, sisi watatu: dada, shemeji na mimi, na futi yangu ya kushonea shingoni, maana mimi bila futi sinunui hata sufuria. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, zamani mwokoaji wa pale hotelini, na Kiswahili chake cha kukimbia. Ua wake umejaa viti vya kulalia, miavuli iliyochanika, na kayaki zimelazwa kwenye nyasi.

Shemeji akainama kuikagua moja pana, ya rangi ya chungwa. Akarudi nyuma kama aliyeumwa na siafu. "Subhanallah! Ina matundu!"

Kweli, sakafu ilikuwa na matundu yaliyopita mpaka chini, unaona nyasi. Shemeji, aliyezaliwa kwenye vyombo, akawa anampa kijana somo: chombo chenye tundu hakiuzwi, kwanza kinatiwa kalafati kwa pamba na mafuta, kinangojwa kikauke, ndipo mtu anasimama na kusema anauza. Kijana anacheka mpaka anashika tumbo. "Mzee, hizo ni za kutoa maji! Wimbi likiingia juu, linatokea hapo. Ndani iko na hewa, haizami, wacha stress."

"Nimekaa duniani sijaona chombo kinachotobolewa ili kisizame," shemeji akasema, akaenda kukaa kwenye kiti cha kulalia, amenuna.

Dada hata hakuwasikiliza. Alikuwa amekwisha iona nyingine, nyembamba, nyeupe, mbele imechongoka. Alisimama juu ya magongo yake akiitazama vile alivyokuwa akitazama vitambaa vya harusi. "Hiki ndicho chombo," akasema. "Kile cha rangi ya chungwa ni karai. Mimi sipandi karai."

Nikamwambia ajaribu. Pale pale kwenye nyasi, tukamshusha ndani ya ile nyembamba. Nikapima na futi: nyonga zake zilitosha, kwa taabu, kama gauni la mtu aliyekudanganya kipimo. Mguu mzima ukaingia mpaka mbele ukapata pa kukanyaga. Kile kipande kikaning'inia tu, hakina pa kujisukumia. Lakini uso wake, jamani! Alikaa mgongo umenyooka, mikono imeshika kafi lisilokuwepo. Alikuwa mzuri. Kijana akasema, "Mathe, uko fiti," na nilitaka kumpiga kofi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha ona kitakachotokea.

"Sasa toka," nikamwambia dada.

Akaweka mikono kando, akajiinua. Hakutoka. Akajaribu tena. Ule mguu mmoja haukuweza kujivuta bila mwenzake kusukuma. Jasho likaanza. Shemeji akaja mbio kumshika kwapa. Dada akamtazama, naye akasimama hapo hapo. Akajaribu hivi, akajaribu hivi, kayaki ikalala upande, naye ndani yake, shavu kwenye nyasi za watu. Hata yule kijana wa bara aliacha kucheka.

Tukamtoa. Akakaa chini muda, anajifuta. Nilijua tumekwisha, tunarudi nyumbani na pikapu tupu, na baraza ile itammeza moja kwa moja. Kumbe mimi dada yangu simjui. Akasota kwa makalio mpaka kwenye lile karai. Akakaa ubavuni mwake, akageuza nyonga, akainua mguu, kipande kikafuata, na hapo yuko juu. Akakaa kidogo. Kisha akageuza tena, akashuka upande wa pili. Akapanda. Akashuka. Hakuna aliyemgusa.

"Kitu nisichoweza kutoka mwenyewe, sikiingii," akasema. "Nipakieni karai langu."

Nimeona watu wakisifiwa kwa makubwa, na mimi sikatai. Lakini mimi nikiulizwa ushujaa, nitamtaja mwanamke yule anayesota kwenye nyasi za Mtopanga, mbele ya kijana asiyemjua, kuelekea kitu alichokwisha kukitukana.

Likabaki kafi. Sisi kafi letu lina bapa moja. Unapiga huku, unavusha, unapiga huku. La kayaki lina bapa kila ncha na mpini mrefu katikati. Kijana akatufundisha kipimo: simama, lisimamishe kando yako, inua mkono, vidole vikikunjika juu ya bapa ndilo lako. Dada akasimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja ukutani, mwingine juu. Vidole vikakunjika. Haya, ndilo. Lakini alipokaa nalo kwenye karai, ngumi zake zilikuwa zinakwaruza kingo kila akipiga. Nikauliza. Kijana akasema atazoea. Sikuridhika, ila jua lilikuwa limepanda na dereva wa pikapu anapiga honi.

Nikamnunulia pia boya la kuvaa, maana kwa hilo sikubembeleza mtu. Nyumbani nikalipunguza mabega likamkaa. Kisha nikaokota ndara zilizotupwa pwani, nikazikata na kuzishona pamoja ndani ya turubai, ukawa mto mgumu wa kufunga kwenye sakafu ya kayaki, ili kile kipande cha mguu nacho kiwe na pa kusukuma. Nilishona kama nashona nguo ya bibi harusi.

Dada akatangaza chombo kitashuliwa Ijumaa, baada ya sala, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani. Kwetu chombo kipya hakitumbukizwi tu kama ndoo kisimani. Kinashuliwa: kunafukizwa ubani, inasomwa dua, watu wanasukuma pamoja, wanawake wanapiga vigelegele, kisha watu wanakula. Majirani wakaanza. "Mwashua plastiki?" "Na ubani mtalifukiza, si litayeyuka?" Dada, ambaye kwa miezi hakujibu hata salamu vizuri, akawajibu mmoja mmoja kutoka barazani. Nami kwenye cherehani nasikiliza, nimeacha mguu kwenye pedali, sishoni. Hata hivyo mimi hakuniita bado.

Asubuhi ya Ijumaa nakwenda kukaanga visheti, nasikia sauti ya msumeno. Nikatoka uani. Shemeji amekaa kwenye kigoda, amejaa tabasamu, na mkononi ana makafi mawili.

Mawili.

"Wale wameyaunganisha kwa ajili ya kusafirishia," akaniambia. "Nimeyatenganisha. Moja la kutumia, moja la akiba. Hata nimeyapiga msasa."

Maskini, ndivyo alivyojua. Tangu babu yake hakuna mtu wa kwao aliyeshika kafi la ncha mbili, na kule Mtopanga kipimo kilipokuwa kinachukuliwa yeye alikuwa amenuna kwenye kiti cha kulalia. Lakini mimi hayo sikuyafikiri wakati ule. Nilipiga ukelele. Nilimwambia maneno ambayo shemeji haambiwi. Nilimwambia amemkata dada yangu mguu wa pili. Nikajiziba mdomo, nimechelewa, maana gongo lilikuwa limekwisha gonga kizingiti na dada amesimama mlangoni.

Alitazama vile vipande. Akamtazama mumewe, aliyekuwa sasa amefahamu, na tabasamu linamtoka usoni kidogo kidogo. Nikangoja nisikie, "Nirudisheni." Nilikuwa nalisikia neno lile kabla hajalisema.

Dada akaangua kicheko. Si cha mdomoni, ni kile chake cha zamani cha kuinama na kupiga paja, mpaka ikabidi nimshike asianguke. "La akiba!" anasema, anapumua kwa shida. "Jamani mume wangu, la akiba! Ungepewa na mimi ungenipasua katikati, mmoja wa kupika na mmoja wa kulala!"

"Astaghfirullah," shemeji akasema, na yeye akaanza kucheka, kisha mimi, na visheti vikaungua.

Tulipomaliza kujifuta macho, dada akasema, "Lete mpini wa jembe."

Mpini wa kafi ulikuwa bomba tupu ndani. Shemeji akauchonga mpini wa jembe, mtu yule mikono yake haina tatizo, tatizo ni ulimi, mpaka ukaingia pande zote mbili kwa kukaza. Alitaka kuvikutanisha vile vipande viguse kama mwanzo. Dada akamzuia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mbele, na karai limelazwa mbele yake. Akakaa juu yake, akashika, akapiga hewa.

"Viachanishe kidogo," akasema. "Tena. Hapo."

Kati ya vipande ukabaki mti mtupu wa shibiri moja hivi. Shemeji akafunga kwa parafujo, akazungushia mpira wa baiskeli. Ngumi hazikugusa tena kingo. Kile kipimo cha Mtopanga kilikuwa cha mtu aliyesimama, na dada hakuwa na nia ya kusimama majini. Yeye alikuwa anakaa, tena juu ya kitu kipana.

"Mimi nilijua lilikuwa fupi," shemeji akasema.

"Ulijua nini wewe?" tukamwambia kwa pamoja.

Tukashua. Ubani ukafukizwa, plastiki haikuyeyuka, dua ikasomwa, na wale wale waliocheka ndio waliosukuma kwa nguvu. Dada akasota mpaka ukingoni akiwa na dera, suruali ndani na boya juu yake. Akakaa ubavuni, akageuza nyonga. Nikapiga kigelegele mpaka koo likaniuma.

Mwanzoni alikwenda kombo. Kwa mazoea ya mtumbwi alikuwa akipiga upande mmoja tu, karai likazunguka mahali pamoja, na watu wakaanza kuguna. Akasimamisha kafi, akawaza. Kisha kulia, kushoto, kulia. Likanyooka. Alipofika katikati ya maji sikuweza kumtazama vizuri, machozi yalikuwa yamenijaa.

Nilikuwa nimemwambia, nakusihi dada, leo usipite mahali nisipokuona. Akasema inshallah. Nilipojifuta macho na leso, nikatazama, maji yote matupu. Amekwisha ingia kwenye mikoko.

Tukangoja. Watu wakala visheti, wale wasioungua. Maji yakaanza kupwa, majani yakatokea, kisha utepe wa matope. Mama mmoja akasema mikono ya mtu aliyekaa muda mrefu haina nguvu, na nikamwambia ale, anyamaze. Shemeji alikuwa anafungua vifungo vya shati, tayari kujitosa majini. Mimi ndani nilikuwa nimepondeka. Nilijiambia, mimi ndiye niliyekwenda mbio kwenye simu. Mimi na futi yangu.

Nikaingia matopeni mpaka magotini na nguo yangu ya Ijumaa. Nikaweka mikono mdomoni.

"Dadaaa!"

Hakuna kitu. Ndege wakaruka kwenye mikoko.

"Dadaaa!"

Na kutoka kule ndani, ng'ambo, kwa sauti nyembamba ya kitoto aliyoifanya makusudi kunicheza shere, sauti yangu mimi ya miaka yote, ikaja:

"Abeee!"

Pwani nzima ikacheka. Baada yake nikasikia chuma kinagonga mzizi, ko, ko, ko. Alikuwa anabandua chaza.

Nikamwita tena. Sikuwa na la kumwambia, nilitaka tu aitike.